Kuku wa mu Lupango: Namna ya Kumuomba Mzazi Aliyekatala

Mara mingi tukisema mila, watu wanafikiria ngoma, vikao vya mahari, ao matanga. Mimi ninataka kusema mila moja ndogo ambayo haina ngoma: namna mtoto anavyomuomba mzazi kintu ambacho mzazi amekwisha kukatala. Nitaisema kwa njia ya kuku, sababu kuku ndio walionifundisha. Ku masomo ya pedagogia nilifundishwa namna ya kuongea na wanafunzi 60 mu darasa moja, lakini hakuna mtu aliyenifundisha namna ya kuongea na baba yangu.

Tunaishi Katuba, mu lupango ya baba. Yeye na mama wanakaa mu nyumba kubwa ya mbele. Mimi, bibi yangu na watoto wetu watatu tunakaa mu vyumba viwili vya nyuma. Mwenye kujua mishahara ya walimu wa inchi yetu hatauliza sababu. Nyuma ya vyumba vyetu kuko nafasi, kati ya mti wa maembe na ukuta wa jirani. Nafasi ile ilikuwa inaota majani ya bure tu. Mu mwezi wa pili 2019 nikamuambia baba kwamba ninataka kujenga kibanda pale na kufuga kuku.

Nilijitayarisha kama mtu anayetayarisha somo mbele ya inspekta. Nilikuwa na karatasi. Niliandika bei ya plato ya mayai 30, ile inayotoka Zambia kupitia Kasumbalesa. Niliandika kwamba kuku mmoja wa kienyeji anaweza kutaga mayai kumi mpaka 15 kwa mara moja, mara tatu ao nne kwa mwaka. Niliandika kwamba pumba za mahindi na mabaki ya bukari yatatosha nusu ya chakula chao, na mavi yao yataingia mu bustani ya lenga-lenga ya mama. Nikasoma yote. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akatoa miwani, akasema:

"Mwalimu, miye sikutoka ku kijiji juu ya kuja kulala na mavi ya kuku mu Katuba. Na pale nyuma ya maembe, usiguse."

Baba ananiita jina langu siku zote. Akiniita Mwalimu, njo kusema mambo imekwisha.

Mwanzoni nilifikiri ni majivuno ya mtu wa muji. Na majivuno yale yana historia yake. Baba alizaliwa upande wa Bukama, karibu na mto Lualaba. Alifika Lubumbashi mwaka 1967, mwaka mmoja kisha muji kubadilisha jina. Watu bado walikuwa wanauita Elisabethville. Akaingia ku kampani. Wazee wetu wanajua maana ya neno lile: nyumba, dawa, masomo ya watoto, na posho. Kampani za wakati wa mkoloni, Union Minière mbele ya zingine, zilianza miaka ya 1920 kukalisha wafanyakazi mu kambi pamoja na bibi zao na kuwapa chakula cha kupimwa. Baba alikuta desturi ile bado iko. Siku ya posho, mama alikuwa anaenda na kiloba cha bunga, anarudi nacho kimejaa. Kwa mtu wa namna ile, kufuga kuku ilikuwa alama ya mtu asiyekuwa na kazi ya kujulikana. Mfanyakazi wa kampani alinunua kuku. Mwanakijiji alifuga.

Kisha kampani zikaanguka, posho ikakwisha, mishahara ikakaa miezi na miezi bila kulipwa. Baba alitoka ku kazi mwaka 2003, mu ule mpango ulioitwa départs volontaires. Yeye mwenyewe anasema "volontaires" huku anacheka bila furaha. Alipewa franga mara moja, kidogo kuliko vile alivyofikiri, na akarudi nyumbani na sanduku yake ya vyombo. Tangu siku ile alibaki na kintu kimoja tu cha zamani: neno lake mu lupango. Mimi, kwa karatasi yangu ya hesabu, nilikuwa ninagusa kintu kile bila kujua.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumuomba mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, na mchana. Wazee wa kwetu walijua kwamba kuko maneno ambayo mtoto wa kiume hawezi kumuambia baba yake uso kwa uso, hata kama ni maneno ya kweli. Mtoto wa kiume akileta hesabu mbele ya baba, baba anasikia: "Hesabu yako wewe ilishindwa." Juu ya ile, maneno magumu yalipitia kinywa cha mtu mwingine. Mara mingi mtu yule alikuwa shangazi, ule tunaita baba mwanamke. Yeye ni dada ya baba, baba hawezi kumfukuza, na akikasirika naye, watapatana.

Basi nikaenda Kenya kwa shangazi, na kilo mbili za sukari, nikamueleza. Siku ya mungu alikuja na bidoni ya munkoyo aliyotengeneza mwenyewe. Hakutaja kuku. Aliongea habari za jamaa, za matanga, za mvua. Munkoyo ilipofika katikati ya bidoni, akasema: "Kaka, watoto wanataka kufuga vitoto vya nzolo. Kule kwetu nani alikuwa na lupango bila nzolo?" Baba akanywa, akaweka kikombe chini. "Dada, asante kwa munkoyo." Ile ilikuwa jibu yote. Shangazi alipotoka akaniambia ku mlango: "Ndugu yangu hana majivuno. Iko kintu. Tafuta."

Majuma matatu kisha, kikafika kintu kingine. Mzee mmoja, rafiki ya baba wa miaka ya kazi, alitoka Likasi na kufika kwetu bila kutuma habari. Mu kijiji ya baba, mgeni wa namna ile haulizwi kama anasikia njaa. Mnashika kuku, mnamletea akiwa mzima, mnamuambia: "Mgeni, huyu ni wako." Anamugusa kwa mkono, anashukuru, na njo mnaenda kumchinja. Kumuonyesha kuku ni kumuambia mgeni mambo matatu: kwamba hatukununua nyama ya mashaka, kwamba tulikuwa tunakungoja hata tusipojua siku, na kwamba mnyama huyu anatoka mu mali yetu wenyewe, si mu deni.

Siku ile mama alituma mtoto mbio ku soko kununua kuku wa frigo, wale waliokatwa kichwa ng'ambo ya bahari. Nyama iliiva mu dakika kidogo, mafuta mengi, mifupa laini. Ndani hamukuwa na firigisi. Mzee wa Likasi alikula vizuri na kushukuru. Lakini nilimuona baba anatafuta kwa kijiko mu sahani, kama mtu aliyepoteza ufunguo, kisha akaacha.

Wasomaji wangu wanajua: mu mafamilia mingi ya kwetu firigisi ni ya baba wa nyumba. Miguu na kichwa ni vya watoto, mgongo ni wa mama, paja ni la mgeni. Mwanamke akipika kuku na firigisi isionekane, ni maneno ya kuitisha kikao. Mimi nimesikia ndoa zilizotikisika juu ya kintu kidogo kama kile. Kwa upande wa nkambo yangu mwanamke, wanawake hawakukula kuku hata kidogo, wala mayai. Mila ya namna ile ilijulikana pia mbali na sisi. Buganda, kwa mfano, wanawake walikatazwa kuku na mayai. Sitaki kusifu mila yote. Kumnyima mama mwenye mimba yai, na mimi ni mwalimu wa biologia, siwezi kuita hekima. Lakini siku ile niliona kwamba baba, bila firigisi mu sahani, alikula kama mgeni mu nyumba yake.

Mtu aliyefungua mlango ni binti yangu wa kwanza. Alikuwa na miaka 11.

Hapa ninapenda kukumbusha vijana mila moja ambayo muji unaisahau upesi. Kati ya mzazi na mtoto kuko heshima na woga. Kati ya nkambo na mjukuu kuko mchezo. Nkambo anamuita mjukuu wake wa kike "bibi yangu", naye anajibu "mume wangu". Wanaweza kutukanana kwa kucheka, kunyanganyana chakula, kuambiana ukweli. Mjukuu anaweza kumuambia nkambo neno ambalo mimi nikilisema, lingeitisha laana. Wazungu wa vitabu wameandika kurasa mingi juu ya mchezo ule. Sisi tunaukuta tu mu kiwanja kila magaribi.

Sikumtuma mtoto. Ninasema ile kwa haki. Alikuwa amesikia yote mu ukuta, kama watoto wote wa mu vyumba viwili. Magaribi moja baba alikuwa amekaa chini ya maembe, mtoto anamletea chai. Mimi nilikuwa ndani ninasahihisha mitihani, dirisha wazi.

"Mume wangu," mtoto akasema, "njo unaogopa kuku?"

"Nani alikuambia naogopa, bibi yangu?"

"Kama hauogopi, juu ya nini unakatala? Kuku ni kidogo. Wewe ni mukubwa. Ao ilikuuma zamani?"

Baba akacheka, kicheko kikubwa. Kisha kicheko kikakwisha, na akakaa kimya mpaka nikaweka kalamu chini.

"Iliniuma, ndiyo," akasema. "Mahali unasimama, miguu yako iko juu yao."

Akamsimulia. Mwaka 2004, na sehemu ya zile franga za kutoka ku kazi, alinunua vitoto vya kuku 200, vya nyama, vilivyotoka Zambia. Mimi wakati ule nilikuwa ninafundisha mwaka wangu wa kwanza kule Kipushi, nikirudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Nilijua kwamba kuku walikuwako, na nilipouliza wamekwenda wapi, niliambiwa wameuzwa. Hawakuuzwa. Walipofika majuma mane, wengine walianza kuhema mdomo wazi. Kisha mavi ya kijani. Kisha shingo zikageuka nyuma, kama mtu anatazama mbingu. Ndani ya siku nane walikufa karibu wote. Muuzaji alikuwa ameapa kwamba wamechanjwa. Baba alichimba shimo nyuma ya maembe usiku, na taa ya petroli, mama akimshikia, kusudi majirani wasione. Majirani wale wale walikuwa wakimuambia mbele: "Wewe una akili, hautakunywa franga yako kama wengine." Hakuinywa. Aliizika.

"Baba yako hajui," akamuambia mtoto. "Usimuambie."

Mimi nilikuwa nyuma ya dirisha. Ninafundisha biologia tangu miaka mingi. Mambo aliyoyasema, ya shingo na ya mavi ya kijani, yako mu kaye yangu ya matayarisho. Ni alama za ugonjwa wa Newcastle, unaoitwa jina la muji wa Uingereza ambako ulitambulika mwaka 1926, mwaka uleule ulipoonekana pia ku kisiwa cha Java. Ni virusi. Hauna dawa ya kuuponyesha, na mu kundi lisilochanjwa unaweza kuacha kuku wawili ao watatu tu. Chanjo iko, ni tone moja mu jicho. Miaka yote nilifundisha somo lile watoto ya wenyewe, na mu lupango moja na mimi alikuwa mtu aliyefikiri kwamba kuku 200 walikufa sababu yeye hakuwa na akili ya kufuga.

Nilifanya nini? Sikumuambia kwamba nimesikia. Kumuambia ingekuwa kumvua nguo. Nilingoja siku tatu, kisha wakati wa kula nikaanza kulalamika juu ya wanafunzi wangu, kwamba hawaelewi somo la virusi. Nikaeleza somo lote mbele ya bukari, kama mpumbavu: kwamba ugonjwa ule unaingia kwa pumzi, kwa viatu, kwa vyombo, kwa kuku wapya walioletwa; kwamba mfugaji anaweza kufanya yote vizuri na kupoteza wote; kwamba hata wenye mashamba makubwa Ulaya walipoteza. Mama alikuwa anatazama sahani yake. Baba akauliza swali moja: "Hata yule mwenye kusafisha kila siku?" Nikajibu: "Hata yule. Bila chanjo, usafi peke yake hautoshi."

Hakusema kintu. Lakini kesho yake asubui nilisikia nyundo. Alikuwa ametoa sanduku yake ya vyombo na anapima mbao. Hakujenga pale nyuma ya maembe. Alijenga ku upande wa ukuta, mahali ambako jua la asubui linapiga. Akaniita, na kwa jina langu.

Masharti yake yalikuwa mane. Kuku wasipite sita na jogoo mmoja. Kibanda kiinuliwe kutoka ku udongo na kifungwe kabla ya giza, juu ya panya, mbwa na wezi. Hakuna kuku atakayeingia kutoka soko bila kukaa peke yake majuma mawili. Na chanjo, Mwalimu ataleta mwenyewe.

Chanjo ilinifundisha somo lingine. Kichupa kimoja kina dozi 100 ao zaidi, na kikishachanganywa na maji yake kinapaswa kutumika kwa masaa machache tu. Kwa kuku saba ni hasara. Basi baba, yule aliyezika kuku usiku kusudi majirani wasione, alipita lupango kwa lupango kuuliza nani ana kuku. Tukapata malupango tisa. Siku ya posho, jioni, kuku wakiwa wamekwisha kuingia, tulizunguka na taa: binti yangu anashika mabawa, mimi ninatia tone, baba anaandika mu kaye jina la nyumba na hesabu. Kila miezi mine tunarudilia. Mu lupango ya sita, mama mmoja mzee alimuambia baba: "Mwaka ule zako zilikufa, tulijua. Hata zangu zilikufa." Baba akaandika hesabu ya kuku zake na akapita mbele.

Mwaka 2020, mu mwezi wa tatu, masomo yalifungwa inchi nzima juu ya korona. Sisi walimu tulikaa nyumbani na wasiwasi wetu. Sitasema kwamba kuku walituokoa. Kuku sita hawalipi mwalimu. Lakini watoto walikula yai mara mbili ao tatu kwa juma, na bustani ya mama ilitoa lenga-lenga mpaka ya kuuza. Kuku mmoja alilalia mayai kumi na moja. Binti yangu alihesabu siku ku ukuta kwa makala mpaka 21, na siku ya 21 vilitoka vitoto nane.

Kuku wa kwanza kuchinjwa hakuwa wetu. Ile pia baba aliiweka: wa kwanza ni wa mgeni. Tulingoja mpaka mzee wa Likasi arudi, mwaka 2021. Baba mwenyewe alimleta jogoo, miguu imefungwa, akasema maneno yale ya kijijini. Mzee akamugusa.

Nyama ilipofika mu meza, mama aliweka firigisi mu sahani ya baba. Akaitazama kidogo, akaikata kati kwa kisu, na nusu akaiweka mu sahani ya binti yangu. Shangazi, aliyekuwa pale, akapiga mikono: "Kaka! Mtoto mwanamke?" Baba akajibu: "Huyu ni bibi yangu. Yeye njo aliniomba."

Wengine watasema baba alivunja mila. Mimi ninafikiri aliishika kwa mikono miwili. Firigisi ilikuwa alama ya mwenye kubeba nyumba, na jioni ile aliona kwamba nyumba imebebwa na zaidi ya mtu mmoja.

Vijana wasomi wa kwetu, mkitaka kumbadilisha mzazi mawazo, msianze na karatasi. Karatasi yangu haikuwa na kosa hata moja, na haikusaidia. Tafuteni kwanza kinywa kinachofaa: shangazi, nkambo, mjukuu. Wazee walitupa vinywa vile kwa sababu. Kisha ulizeni, kwa mchezo ao kwa munkoyo, ni wapi iliuma zamani. Na mkisikia jibu, mjue pia wakati wa kujifanya hamkusikia.

Baba bado anaandika mu kaye yake ya chanjo. Nyuma ya maembe hatujajenga kintu.